Majitu Yasiyobeba Kitu

Siku ya mwisho ya kazi katika mwaka, Mji Mkongwe wa Montevideo haufanyi kazi hata kidogo. Watu wa maofisini huingia asubuhi na adabu zao zote, lakini wamevaa mashati waliyokwisha kuyachoka. Wanapitishiana kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwetu, wanavuta droo na kuzirudisha, wanaulizana habari za mafaili ambayo hawana nia ya kuyagusa. Wote wanasubiri adhuhuri. Ikifika, kalenda za mwaka unaokufa huchanwa na kumwagwa madirishani, nyuma ya kalenda huja ndoo za maji, nyuma ya maji mvinyo wa tufaha, na aliye barabarani asimlaumu mtu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Zulma Echegoyen hakuwa na hamu ya maji mwaka ule. Alikuwa msanifu wa majengo, mwanamke wa makamo, mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofa ya sita katika Jumba la Bonfanti, na tangu Krismasi alikuwa analala kwa vipande. Anaamka, anakunywa maji, anarudi kitandani, anaamka tena. Aliwaambia watu ni joto. Desemba ya kwetu ni joto kweli, kwa hiyo walimwamini.

Asubuhi hiyo alimkuta Heber, bawabu wa jumba, anafagia mbele ya mlango. Kwenye rundo la taka, kati ya vichungi vya sigara, palikuwa na kipande cha plasta cha kutosha kumpasua mtu kichwa.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Juu." Heber hakujisumbua hata kuinua macho. "Jitu la kona limetema jino. Ni uzee, Msanifu. Hata mimi natema yangu, na sijaona mtu akinipigia simu manispaa."

Zulma akavuka barabara, akageuka, akatazama.

Jumba la Bonfanti limekaa kwenye kona, na kona yenyewe limeikata, kama mtu mnene anayejibana ukutani kuwapisha wenzake. Lilijengwa zamani na tajiri wa sufu aliyetaka meli zikiingia bandarini zilione jumba lake kabla ya kuiona nchi. Akalivika kuba la mawe meusi. Akaliwekea lifti ya kizimba cha chuma yenye kiti cha mahameli, na paa la vioo vya rangi juu ya ngazi za marumaru, ili hata karani anayepanda kugongesha muhuri ajihisi anaingia kanisani. Ghorofa ya nne akaizungushia roshani ndefu inayoifuata kona, na chini ya roshani akaweka majitu manne: vifua wazi, ndevu za mawimbi, shingo zimeinama, mabega yamejitwisha. Watalii huyapiga picha. Wapangaji wameyapa majina ya mawaziri wa fedha, kwa kuwa yanaonekana yanateseka na bado hayafanyi lolote.

Na kweli hayafanyi lolote. Ajuaye majengo anajua kwamba majitu yale ni maganda matupu, yamefinyangwa kwa saruji kwenye kalibu na kuning'inizwa kwa waya. Hayabebi roshani, roshani ndiyo inayoyabeba. Kinachoshika uzito ni vyuma vilivyofichwa ndani ya sakafu, vimechomoza ukutani kama ndimi, na tangu siku vilipofunikwa hakuna jicho lililoviona.

Kutoka kwenye ndevu za jitu la kona ulishuka mchirizi mwekundu wa kutu. Zulma aliufahamu mchirizi ule. Mwezi Machi ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Sasa ulikuwa na upana wa kiganja.

Niseme yaliyotokea Machi, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima alisimama juani akiukodolea macho mchirizi wa kutu. Sheria inataka majumba ya umri ule yakaguliwe kuta zake za nje, na wenye jumba walimpa Zulma kazi hiyo. Alikagua vizuri. Alipanda hadi kwenye kuba, aligonga kila ukingo kwa nyundo ndogo akitega sikio, alipapasa fremu za madirisha. Ikabaki roshani ya ghorofa ya nne, ambayo haikaguliki bila kung'oa vigae: vumbi, kelele, na ofisi kufungwa. Mpangaji wa ghorofa hiyo, Milton Pagliari, wakala wa forodha, alicheka mpaka akashika tumbo. "Unataka kuchimba roshani ya baba yako? Don Dardo ameirukia maisha yake yote, haijamwambia hata kwi!" Makarani wakaangua kicheko. Zulma, aliyechukia kuonekana binti mwoga wa Don Dardo, akacheka nao. Akaandika kwamba roshani ni imara, akatia sahihi. Hakuna aliyempa chochote chini ya meza. Rushwa angalau ingekuwa na faida. Yeye aliuza jina lake kwa kicheko cha makarani.

Huyo Don Dardo, baba yake, alikuwa amefanya kazi katika ofisi ile ile tangu enzi za baba yake Milton. Akastaafu, akafiwa na mke, akawa mzee wa kuota jua uwanjani na kubishana na njiwa. Krismasi haisherehekei. Keki ya siku ya kuzaliwa huwagawia majirani. Anachodai duniani ni siku moja tu, siku hii. Kila mwaka hufunga tai, hupanda na ndoo yake nyeupe, hutoka kwenye roshani ya ghorofa ya nne, na mtaa mzima hunyamaza. Hakuna dirisha linalomwaga tone mpaka ndoo ya Don Dardo imemwagwa. Nani alimpa heshima hiyo, hakuna anayekumbuka, na hakuna aliyewahi kufikiria kumnyang'anya.

Naye angefika muda si mrefu, ndoo mkononi.

Zulma alipanda mbio hadi ghorofa ya nne. Makarani walikuwa wanachana kalenda na kuzijaza kwenye masanduku, hawakumjali. Alifungua mlango wa roshani, lakini hakukanyaga nje. Alipiga magoti kizingitini akanyoosha mkono. Mvua ya juzi ilikuwa bado imetuama juu ya vigae, na jua lote lile! Karibu na mlango palikuwa na tundu la kutolea maji. Akanyoosha henga ya waya ya kutundikia makoti, akaitumbukiza, akazungusha, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa uji mzito wa karatasi, wa kijivu, unaonuka. Aliuminya kiganjani. Kwenye bonge moja bado palisomeka "Jumanne".

Zilikuwa kalenda. Miaka nenda miaka rudi, watu wenye furaha walisimama pale wakachana kalenda zao, nusu ikaruka mtaani na nusu ikawaangukia miguuni, ikamwagiwa maji, ikaingia tunduni, ikaganda. Mwaka uliofuata wakaja na nyingine. Maji ya mvua, yalipokosa njia, yalijitafutia yenyewe kwa chini, kwenye vyuma. Loh, sisi watu wa Montevideo! Wengine majumba yao huangushwa na vita au na matetemeko, sisi tunayaozesha kwa shangwe. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya na tundu lililozibwa.

Alijaribu tena. Waya ukateleza, bonge lililobaki likashuka ndani zaidi na kukwama. Maji hayakusogea. Kidole alichokipitisha kwenye ukingo wa tundu kilitoka chekundu.

Akapiga simu manispaa, idara ya majengo. Ililia, ikalia. Hatimaye mwanamke akapokea, nyuma yake watu wanapiga mayowe na maji yanamwagika.

"Mwakani, mpenzi!" alisema, akakata.

Milton Pagliari alikuwa ameketi juu ya meza yake, vifungo vya shati wazi hadi kitovuni, anakata soseji kwa kisu cha kufungulia barua.

"Milton, funga mlango wa roshani. Leo asitoke mtu."

"Unasemaje?"

"Sina uhakika nayo."

"Machi ulikuwa nao." Alielekeza kisu ukutani. "Cheti chako kile pale, nimekitia kwenye fremu. Nakionyesha kwa wateja."

"Mambo yamebadilika."

"Kwa miezi hii michache? Chuma kimekaa kimya tangu enzi za babu yangu, kikawa kinakusubiri wewe utie sahihi ndipo kianze kuoza?"

Makarani wakaacha kuchana. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mdomo ulikuwa umekwisha funguka, maneno yako kwenye ulimi. Aliwatazama wale vijana na tai zao zilizolegea, akaona jinsi nyuso zao zitakavyogeuka, na jinsi habari itakavyoteremka ghorofa kwa ghorofa mpaka kwa muuza magazeti.

"Ni ile dhoruba ya Oktoba," alisema. "Iliitikisa."

Uongo wa pili huteleza kuliko wa kwanza.

Milton alitafuna, akamtazama, akafuta kisu kwenye suruali. "Haya bwana. Nitafunga. Ila Don Dardo utamwambia mwenyewe. Mimi sitaki kuingia mwaka mpya na laana ya mzee."

Na mzee ndiyo alikuwa anakuja. Lifti ilisikika inapanda, inakoroma kila ghorofa, kisha ikaonekana kofia, miwani, tai ya bluu, na mwisho ndoo nyeupe, imejaa hadi ukingoni bila kumwagika tone. Makarani wakapiga makofi.

"Zulma! Umekuja kunibebea ndoo? Bado nina mikono, mama."

"Baba, leo roshani imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi."

Don Dardo alicheka kidogo, akingoja wengine wacheke. Hakucheka mtu.

"Si salama, baba."

"Majitu yale yamebeba tangu kabla sijazaliwa."

"Mara ngapi nimekwambia, majitu hayabebi kitu."

"Mmemsikia?" Mzee aliwageukia makarani. "Nimemsomesha miaka yote ile, nimevaa viatu vya kiraka, ili aje aniambie majitu hayabebi kitu."

Sasa walicheka. Zulma akahisi masikio yanawaka moto.

"Ile dhoruba ya Oktoba—"

"Dhoruba ya Oktoba iliniibia soksi kwenye kamba. Soksi! Zulma, hebu nitazame."

Hakuweza.

"Tangu utotoni, ukidanganya unatazama viatu," alisema baba yake, sasa kwa sauti ndogo. "Kama unaona nimezeeka, sema nimezeeka. Kama unaogopa nitateleza nikuaibishe, sema. Sema hapa mbele za watu, nikusikie."

"Sijasema umezeeka."

"Basi ni nini?"

Zulma akatazama viatu tena, na mzee akaona hilo ndilo jibu. Aliweka ndoo juu ya meza ya Milton, polepole, kama anayemlaza mtoto aliyelala. "Mwaga wewe," alimwambia Milton. Akarudi kwenye lifti, akavuta mlango wa kizimba mwenyewe, akateremka akiwatazama wote kupitia nondo, mpaka ikabaki kofia, kisha kofia nayo ikazama.

Iliuma. Siwezi kusema haikuuma. Lakini nyuma ya maumivu ulikuja unafuu, mtamu kabisa, na Zulma aliona haya kuuhisi. Amemvunja moyo baba yake, sawa, ila baba yu hai, na jina lake yeye mwenyewe lingali ukutani kwenye fremu. Mioyo huungwa. Mwezi Januari ataleta mafundi kimyakimya, vigae vitang'olewa, atasema dhoruba, dhoruba, dhoruba. Mtu akampa kibuyu cha yerba, akanywa.

Kengele ya kanisa kuu ikagonga saa sita.

Hakuna aliyemwaga. Mtaa mzima ulikuwa umeinua nyuso kuitazama roshani tupu, na madirisha yote, kwenye majumba yote, yalikuwa yamejaa watu walioshika ndoo na kungoja. Milton alijikuna kidevu. Mwishowe akachukua ile ndoo nyeupe, akaipitisha kwenye dirisha la pembeni, akamwaga kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Mtaa ukazomea. Kisha nani sijui akapiga kelele, na kila dirisha likafunguka, na hewa ikajaa karatasi.

Zulma alikwenda dirishani. Kwanza aliiona roshani. Watu wa ghorofa ya tano, ya sita na ya saba walikuwa wanamwaga ndoo kwa ndoo, na nusu ya maji yale hayakufika barabarani. Yalikuwa yanatua pale. Ukingo wa saruji uliyazuia, tundu lilikuwa limeziba, na kalenda zilielea juu yake. Hakuwepo mtu hata mmoja kwenye roshani ile, na bado ilikuwa inazidi kuwa nzito mbele ya macho yake.

Kisha akatazama chini zaidi.

Barabara ilikuwa haina pa kuweka mguu. Kutoka upande wa kusini ngoma za kandombe zilikuwa zinapanda mtaa, na kila mwaka ngoma husimama kwenye kona ile ile, kwa sababu kuta za Bonfanti huzirudisha sauti vizuri. Watoto walikuwa mabegani mwa baba zao. Na chini kabisa ya jitu la kona, bila kofia, mikono ameitanua, tai imegandamana kifuani, alisimama Don Dardo akimpigia kelele Milton.

"Mwaga, mwoga we! Mwaga kama mwanaume!"

Asubuhi nzima Zulma aliwafikiria watakaosimama juu ya roshani. Hata mara moja hakuwafikiria watakaosimama chini yake. Msanifu mzima! Alikuwa amemtoa baba yake juu ya hatari akampeleka chini ya hatari hiyo hiyo, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Aliita. Hata yeye hakujisikia. Akakimbilia lifti; makarani wa kike wa ghorofa ya tano walikuwa wameishikilia wazi, wanacheza ndani. Akashika ngazi. Marumaru ilikuwa imelowa, karatasi zimetapakaa, akateleza, akaanguka goti, akainuka, akateleza tena. Chini mlangoni Heber alikuwa anamsubiri yeyote atakayetokea, akammwagia ndoo nzima usoni.

"Heri ya mwaka, Msanifu!"

Akampita. Akasukuma migongo, akakanyaga miguu, akatukanwa, akaufikia mkono wa baba yake.

"Baba, toka hapa. Toka!"

"Juu nisikae, chini nisikae. Unataka nikakae wapi, makaburini na mama yako?"

"Roshani itaanguka!"

"Kila mwaka kuna mlevi anasema hivyo." Aliurudisha uso juu. Begani pake palikuwa na vumbi jeupe, na lilikuwa vumbi la plasta, limeganda kwa maji. Zulma alipoliona hakubakiza hila yoyote.

"Sikuangalia," alisema. "Machi. Sikung'oa kigae hata kimoja. Niliandika ni imara, na sikuwa nimeangalia. Walinicheka nikaona haya. Hakuna dhoruba, baba. Ni mimi."

Mikono ya mzee ikashuka. Maji yaliwamwagikia wote wawili, na hakuna aliyejifuta.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Don Dardo alitazama juu, akatazama pembeni. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alikuwa amejikinga chini ya roshani asilowe. Muuza soseji alikuwa ameweka jiko lake papo hapo kwa sababu hiyo hiyo. Ngoma ya kwanza ilikuwa imeingia kona, na sauti yake iligonga kifuani.

"Waambie waondoke," alisema.

"Ondokeni!" Zulma alipasua koo. "Roshani itaanguka! Ondokeni!"

Watu wakashangilia. "Na ianguke!" mmoja alijibu. "Tutajenga nyingine mwakani!" Na mwingine akamrushia maji mdomoni.

"Hivyo hawatakuamini," alisema Don Dardo. "Hata mimi sikukuamini." Alimshika kidevu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, akamtazama, na safari hii Zulma hakutazama viatu. "Unanielewa nataka kufanya nini?"

Alielewa. Alitikisa kichwa kukataa. Akamwona tena yule mwanamke mwenye mtoto. Akakubali.

Mzee alipanda juu ya kreti ya bia ya muuza soseji akainua mkono. Mtaa ule unaujua mkono ule. Watu wa mbele walinyamaza kwa mazoea tu, na wapiga ngoma, walipomwona mzee wa ndoo ya kwanza amesimama chini badala ya juu, mikono yao ikapoa.

"Jamani!" Alikuwa bado na sauti ya kuwaitia makuli gatini. "Huyu ni binti yangu! Zulma Echegoyen, msanifu! Yeye ndiye aliyeandika kwamba roshani hii ni nzima! Alidanganya! Hakuiangalia! Alitia sahihi bila kuangalia, na imeoza, na ninyi mko chini yake! Ondokeni!"

Mlevi anaweza kusema jumba linaanguka. Lakini baba kumvua nguo bintiye hadharani, tena akimtaja jina na ukoo, hakuna afanyaye hivyo kwa mzaha. Watu walimtazama mzee, wakamtazama Zulma, na kila walichotaka kukijua walikisoma usoni mwake. Yule mwanamke mwenye mtoto ndiye aliyetangulia. Kisha wengine, kwa kusukumana, ngoma zimeinuliwa vichwani, muuza soseji anaburuta jiko linalofuka moshi. Madirishani ndoo zilisimama. Heber, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa ametazama juu, alifunga kamba kutoka mlango hadi nguzo ya taa na kuwafukuza waliosalia kwa ufagio.

Chini ya majitu pakabaki karatasi zilizolowa na kofia ya Don Dardo.

Baba na binti walisimama ng'ambo ya barabara, mgongo ukutani. Jumba zima lilikuwa madirishani, na halikuwa linaitazama roshani, lilikuwa linamtazama Zulma. Milton alikuwa bado ameshika ile ndoo nyeupe. "Aibu!" mtu alisema kutoka ghorofa ya saba. "Na tulimlipa!" alisema mwingine. Aliyesimama karibu naye, mwanaume ambaye Zulma hakuwahi kumwona maishani, alitema mate chini karibu na kiatu chake. Chama cha wasanifu kingemwita kabla Januari haijaisha, na hakuwa na neno hata moja la kujitetea. Alilijua hilo jinsi mtu anavyojua mkono wake umevunjika, kabla haujaanza kuuma.

Roshani ilikuwa pale pale. Imejaa maji, inachuruzika, imetulia. Majitu yalikuwa yameinamisha shingo kama kawaida.

Watu walingoja. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza inaanguka lini. Ngoma moja, kwa mbali, ikaanza kujaribu mdundo.

"Msanifu!" sauti ikaita kutoka kwenye umati. "Hata kuanguka umekosea?"

Wakacheka, mtaa mzima, kwa ule utani wa watu waliotishwa bure. Mmoja akaruka kamba akaokota kofia ya Don Dardo, akacheza chini ya jitu la kona, akarudi akipigiwa makofi. Zulma alikaza macho kwenye ule mchirizi mwekundu. Kiasi cha muda kilipita ndipo akagundua kwamba midomo yake inatembea, na akasikia yanayotoka. Anguka. Sasa hivi, kabla hawajarudi. Anguka waone. Alikuwa amelipenda jumba lile tangu siku alipopandishwa lifti yake akiwa mtoto, ameshikwa mkono na baba yake, na sasa alikuwa analiombea lipasuke mbele za watu.

Baba yake alikuwa karibu mno, hakukosa kusikia.

"Usiombe hivyo, mwanangu," alisema Don Dardo. Alimshika mkono kwa vidole vya baridi. "Omba isimame. Isimame mpaka mafundi waje, nawe uonekane mjinga. Haya. Omba na mimi."

Zulma alifumba macho akajaribu. Alijaribu kweli, mkono umo mkononi mwa baba yake, na kila alipofika kwenye neno la kusimama, moyo ulimtangulia ukasema lile jingine.